Unga wa Dawa Una Adabu Yake

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Miongoni mwa wageni waliotufikia kwa pepo za kaskazi ni dawa za Bara Hindi, zile wenyewe waziitazo Ayurveda. Hata leo ukipita karibu na Markiti, Mombasa, pua yakwambia kabla ya jicho.

Wala si ngeni kwa elimu ya Kiislamu. Huko Baghdad, zama za Bani Abbasi, vitabu vya Charaka na Sushruta vilifasiriwa kwa Kiarabu, na mwaka 850 Ali bin Rabban al-Tabari alitimiza kitabu chake Firdaus al-Hikma, akatenga sehemu nzima kwa tiba ya Kihindi. Mchanganyiko wa matunda matatu, halilaji, balilaji na amlaji, Wahindi huuita triphala. Matabibu wa Kiarabu wakauita itrifali. Jina ni lile lile, limevaa kanzu.

Lakini unga huu una adabu yake. Dawa hukaushwa, hutwangwa, ikachungwa kwa kitambaa. Kisha kila unga una njia yake ya kunywewa: mwingine humiminiwa maji moto ukachujwa, mwingine hurowekwa katika maji baridi usiku kucha, ukanywewa asubuhi, mwingine hutaka maziwa au samli. Triphala ni kadiri sawa ya kila tunda, kijiko kidogo kwa kikombe cha maji ya uvuguvugu, wakati wa kulala. Asali haipikwi, hungojwa kinywaji kipoe kwanza.

Siku hizi twanunua unga uliokwisha sagwa, ndani ya mkebe usio jina, tukautia kikombeni kwa kukisia. Nami ni mmoja wao. Nina ugonjwa wa sukari. Mwaka jana niliambiwa dukani kwamba unga fulani wanitosha, nikaviacha vidonge vya daktari. Wiki ya tatu nilianguka msikitini baada ya sala ya alfajiri, nikazindukia hospitali. Daktari hakunikemea. Aliniuliza tu: "Mzee, ndani ya mkebe huo mna nini?" Sikuwa na jawabu, mimi ambaye kazi yangu ni maneno.

Swali lake lilikuwa la haki. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston; 14 zilikutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki.

Sisemi tuyatupe ya wazee. Nasema tununue matunda na mizizi mizima tunayoitambua kwa macho, tutwange wenyewe, na tumwambie daktari tunachokunywa, wala tusiache vidonge vyake bila shauri lake. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Basi akuuziaye dawa akishindwa kukutajia kilichomo, ndugu yangu, mrudishie mkebe wake.