TAHARIRI: KONDOO ANAYEMPIGA MWANAWE TEKE



Wiki hii kila aliyepita zizini alikuwa na lake la kusema juu ya yule kondoo jike anayempiga mwanawe teke. Wengine wanasema ana roho mbaya. Wengine eti kuna mtu kamtupia jicho. Jumamosi litaletwa mkutanoni pendekezo kwamba achinjwe. Sisi tunasema hapana, na sababu tunazo.

Kondoo akizaa humlamba mwanawe, na katika saa chache za mwanzo huishika harufu yake. Ndiyo maana mtoto akinyonya, mama hugeuza shingo akamnusa mkiani. Akikuta harufu ngeni, humfukuza. Mtoto aliyekataliwa naye hujipenyeza kwa nyuma, kati ya miguu, anyonye kabla hajanuswa. Jamani, huyo si mwizi, ni njaa.

Sasa tuseme ukweli. Usiku ule palikuwa na baridi. Tulimchukua mtoto nyumbani, tukamwosha kwa sabuni, tukamrudisha asubuhi. Nia ilikuwa njema. Lakini harufu tuliiondoa sisi wenyewe, na leo tunataka kumhukumu mama!

Mara nyingine tatizo ni kiwele. Kikiwa cha moto na kigumu, au maziwa yana mabonge, huo ni ugonjwa, na mama anapiga teke kwa sababu anaumia. Au mtoto ana vidonda mdomoni, navyo vimehamia kwenye chuchu. Vidonda hivyo hutupata hata sisi watu, kwa hiyo tunawe mikono. Hapo bwana mifugo aitwe mapema. Kiwele cha huyu wetu tumekipapasa, ni kizima. Ila mtoto wa miezi 3 akipigwa teke tusishtuke, anaachishwa.

Kwa hiyo tunaomba haya:

1. Mtoto asiondolewe kabla hajalambwa. Baridi ikizidi, afutwe kwa majani makavu palepale mbele ya mama yake.

2. Apate dang'a ndani ya saa 6 za mwanzo, maana ndiyo kinga yake. Mama akikataa, ashikwe, mtoto anyonye.

3. Wakikataana, wafungiwe wawili mahali padogo siku kadhaa, na mama ashikwe mara kwa mara mtoto anyonye. Si wote wanaokubali, lakini wengi hukubali.

4. Majira ya kuzaa pawe na zamu ya usiku, wanaume kwa wanawake. Kamati nayo isijitoe.

Huyu wetu tumemfungia na mwanawe tangu juzi. Jana asubuhi alishikwa na watu wawili, jioni alishikwa na mmoja. Kila mmoja wetu apite zizini ajionee kwa macho yake, kabla hajanyoosha mkono Jumamosi.