Asiyekuwapo na Lake Lipo: Utani, Misemo ya Kale na Kaunti Zenye Watu Haba

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii aghalabu hutumiwa kumsuta mtu aliyechelewa kwenye karamu, akakuta sinia limekombwa na wenzake wanalamba vidole. Hapati pole, hupokewa kwa kicheko na kuambiwa anawe mikono kwa ajili ya baraka tu. Utani wa namna hiyo hauna uchungu maadamu aliyechelewa ni mtu mmoja, na kesho atawahi. Huanza kuchoma pale ambapo asiyekuwapo ni kaunti nzima au lahaja nzima, na aliyegawa chakula anaamini kwa dhati ya moyo kwamba ametenda haki.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu, idadi iliyo ndogo kuliko ya kaunti nyingine yoyote miongoni mwa zote 47. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Kaunti ya Tana River ilikuwa na watu 315,943, na Marsabit, ambayo ni miongoni mwa kaunti kubwa kabisa kwa eneo, ilikuwa na watu 459,785, yaani wasiofika hata 7 kwa kila kilomita mraba. Tarakimu hizi si za kupambia ukurasa. Mwaka 2020 Seneti ilivutana kwa majuma kadhaa kuhusu namna ya kugawa fedha za kaunti. Upande mmoja ulidai kwamba fedha zifuate vichwa vya watu. Upande wa pili, uliozijumuisha kaunti nyingi za kaskazini na pwani, ulijibu kwamba kilomita moja ya barabara haifupiki kwa kuwa wanaoipita ni wachache. Mwafaka ulipatikana mwezi wa Septemba mwaka huo.

Katika taaluma ya Kiswahili, mvutano kama huo ulikwisha zamani, tena bila Seneti. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia kazi hiyo. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake, kwa sababu Kiunguja ilikuwa imekwisha kusafiri na misafara ya biashara hadi ndani ya bara. Hata hivyo, tangu siku hiyo Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu, yaani Kibajuni, zikawa kama jamaa wa mbali wanaokumbukwa siku ya harusi tu. Ajabu ni kwamba Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ni ya mwaka 1728, Al-Inkishafi, na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858, zote ni kazi za pande hizo hizo za Pate, Siu na Lamu. Lau mgao wa fasihi ungefuata wingi wa vichwa, visiwa hivyo visingepata hata ukurasa mmoja katika mtaala wa chuo kikuu. Pasipo visiwa hivyo, mtaala wenyewe ungebaki na nini cha kale?

Jambo moja ambalo halitajwi mara nyingi ni kwamba watu hawahami peke yao. Misemo nayo huhama, na baadhi yake imefanikiwa ugenini kuliko wenyewe. Msomaji na asikilize taarifa ya habari jioni yoyote. Mashindano ya riadha yameng'oa nanga Eldoret. Mazungumzo kati ya walimu na serikali yamegonga mwamba Nairobi. Mambo yamekwenda mrama katika chama fulani. Eldoret haina bandari, na Nairobi haijawahi kuuona mwamba wa bahari. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinapopigwa na mawimbi ubavuni, lakini leo waendao mrama ni wanasiasa ambao huenda hawajapanda hata mtumbwi. Misemo hiyo ilipanda bara bila pasipoti na bila barua ya chifu, ikapata ajira redioni, na sasa inaonekana kama wenyeji wa kuzaliwa.

Mingine haikujaliwa hivyo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, husema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika insha yake, na mhadhiri humpa alama. Lakini akiulizwa tezi ni nini, hudhani ni ule uvimbe wa shingoni. Omo huikumbuka kama sabuni ya unga. Ngama ndiyo hailijui jina lake kabisa. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni pale chini yanapokusanyika maji yaliyovuja. Baharia atatembea kotekote, lakini lazima arudi ngamani kuyafua maji, vinginevyo watazama wote. Hii ni methali ya uhamaji: inamwonya anayekwenda kwamba kuna mahali asipoparudia, chombo kitakufa. Vivyo hivyo kwa methali isemayo kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Asiyejua joshi ni upande gani wa tanga na upepo atajua tu kwamba mnyonge ana shida, jambo ambalo angelijua hata bila methali.

Hapa ndipo utani unapoingia, na ndipo unapostahili heshima kuliko unayopewa. Katika mila za Waswahili na majirani zao, utani haukuwa upuuzi. Ulikuwa mkataba. Babu na mjukuu walitaniana, mashemeji walitaniana, na pande za Tanzania makabila yaliyowahi kupigana yaligeuka kuwa watani, hata mtani akawa na ruhusa ya kufanya masihara matangani pasipo kukasirikiwa. Mtani ndiye aliyeruhusiwa kutaja lililokuwa gumu kutajwa. Mabweni ya vyuo vikuu vya Kenya yamerithi mkataba huo bila kuusaini. Kijana wa Lamu akimwita mwenzake kwa kusema "Ndoo!", yule wa bara huuliza kama ni ndoo ya lita kumi au ishirini, hali mwenzake amesema "Njoo". Akiuliza "Mbona wateka?", anayeulizwa huapa kwamba hajamteka nyara mtu yeyote, kumbe ameulizwa kwa nini anacheka. Nchi ni nti, njia ni ndia, macho ni mato, na mchele ni mtele. Kicheko kikishatulia, kila aliyekuwapo ameondoka na kanuni moja ya fonolojia ya Kiswahili, ambayo pengine asingeishika katika mhadhara wa saa mbili.

Si kila utani ulio salama, lakini. Methali ya Mgala muue na haki yake mpe ilizaliwa katika karne za uhasama kati ya watu wa pwani na wale waliowaita Wagala. Jina hilo leo ni tusi kwa Waorma wa Tana River na Waborana wa Marsabit na Isiolo, na mwenye adabu halitumii kumwitia mtu. Hata hivyo, methali hiyo ina funzo ambalo wagawaji wa mafungu wangelihitaji: hata aliye adui yako ana haki ambayo kifo chake hakiifuti. Kutoka huko huko kaskazini ilitoka kauli nyingine maarufu, ile ya msafiri wa Marsabit au Wajir anayeelekea Nairobi na kuaga kwamba "anakwenda Kenya". Watu wa kusini hucheka. Wangeicheka kidogo zaidi kama wangekumbuka kwamba wakati wa ukoloni Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini haikuingilika wala kutokeka bila kibali, na kwamba Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza uwekezaji kwenye maeneo yaliyotarajiwa kuzalisha zaidi. Kauli moja ya maneno mawili imebeba historia ambayo vitabu vingi vimeipita mbio. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010, lakini msemo haukung'oka kwa siku moja, kwa kuwa misemo hutembea kwa mwendo wake.

Uhamaji wenye machungu zaidi kwa lugha ni ule wa Wabajuni. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, vijiji vyao vingi vya bara ya Lamu, kuelekea mpaka wa Somalia, vilihamwa, na wakazi wakatafuta hifadhi visiwani, Malindi na Mombasa. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake nao walipanda vyombo wakaja Mombasa kama wakimbizi. Baadhi yao walifika hadi Uingereza kuomba hifadhi. Huko, maafisa wametumia uchanganuzi wa lugha, pamoja na maswali kuhusu visiwa na maisha yake, kupima kama mwombaji ni Mbajuni kweli. Lahaja iliyochekwa bwenini imekuwa cheti cha kuzaliwa. Neno la kale la uvuvi, jina la upepo au la samaki, linaweza kuamua kama mtu atapata hifadhi au atarudishwa. Na ni yupi anayeweza kushindwa mtihani huo? Ni kijana aliyekulia Mombasa miongoni mwa wasemaji wa Kimvita, ambaye kwao alipajua kwa masimulizi tu. Kwake yeye, asiyekuwapo na lake halipo si mzaha tena.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba lugha hufa na kuzaliwa, kwamba Kenya inahitaji Kiswahili kimoja kinachoeleweka kutoka Lodwar hadi Lunga Lunga, na kwamba kuwabebesha wanafunzi maneno ya mabaharia ni kuwatwika mizigo isiyo na mnunuzi. Tena watakumbusha kwamba Lamu haikimbiwi na wote, kwa maana wakazi wake waliongezeka kutoka 101,539 mwaka 2009. Hoja hizi zina uzito, lakini zinachanganya vichwa na ndimi. Kaunti inaweza kujaa watu huku lahaja yake ikibaki na vizee. Ama kuhusu mzigo usio na mnunuzi, jawabu limo katika kila nyumba yenye umeme. Neno runinga hunasibishwa na Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, Lamu, aliyefariki mwaka 2017, na ndivyo ilivyo kwa tarakilishi. Bingwa huyo alihamia Mombasa, lakini hakuiacha ngama yake. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, alikusanya istilahi za uundaji wa vyombo ili zisizame pamoja na mafundi wake. Mtu mmoja kutoka kaunti yenye watu wachache kuliko zote aliwapa mamilioni ya wengine neno la kukitaja chombo wanachokitazama kila usiku. Hayo ndiyo mapato ya kuyatunza ya kale.

Iliyobaki ni kazi, na kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. W. E. Taylor alichapisha mkusanyiko wake wa methali za Waswahili mwaka 1891, baada ya kuwasikiliza watu wa Mombasa. Haielekei kwamba wasomi wa leo, wenye vinasa sauti mifukoni mwao, washindwe na mtu wa karne ya kumi na tisa. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina wanachama kutoka Pate na Garsen, Laisamis na Habaswein. Kila mmoja akirudi likizoni na misemo kumi, pamoja na jina la chombo, mnyama au upepo ulioizaa, mwaka mmoja utatosha kujaza daftari ambalo hakuna kamusi iliyo nalo. Wahadhiri nao wangeweza kuacha kuzitia wino mwekundu "nti" na "ndia" bila maelezo, na badala yake kuandika pembeni neno moja tu: lahaja. Kosa na lahaja si kitu kimoja, na mwanafunzi aliyeambiwa hivyo mara moja hatauonea haya ulimi wa bibi yake.

Utani uendelee basi, kwa kuwa pasipo utani hakuna atakayekumbuka. Kijana wa bara na aulizie ndoo yake, na wa Lamu amjibu kwamba kwao maji hutekwa na watu huteka pia. Lakini kicheko kikiisha, mmoja wao na atoe kalamu. Sinia la Kiswahili ni pana, na si lazima aliye mbali akute limekombwa. Wanaokula wanaweza kumwekea fungu lake.