UCHAMBUZI: Cheti cha usanifu wa tovuti kimwezeshe kijana kufanya nini?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mzazi anayetafutia mtoto wake nafasi ya kidato cha kwanza katika shule binafsi hapandi tena basi kwenda kuulizia ada. Hufungua simu. Mkulima anayetaka kujua masharti ya chama cha ushirika, mgonjwa anayetafuta siku za kliniki na mfanyabiashara anayehitaji vipuri nao hufanya vivyo hivyo. Kile wanachokikuta kwenye kioo cha simu, au wanachokikosa, ni kazi ya fundi fulani aliyeketi mahali fulani na kompyuta, na mara nyingi fundi huyo ni kijana wa chini ya miaka thelathini.

Ndiyo maana kozi za usanifu wa tovuti, michoro ya kidijitali na maudhui shirikishi, yaani ramani, majaribio, video na fomu ambazo mtumiaji huzigusa nazo zikamjibu, zimeingia katika orodha ya stadi ambazo vijana huziulizia vyuoni pamoja na umeme wa majumbani, ushonaji na ufundi magari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka ujuzi mbele, na tangu mwaka 2024 wanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule zilizochaguliwa walianza kusoma mkondo wa amali. Wanafunzi hao watafika kidato cha nne mwaka 2027. Mkakati wa Uchumi wa Kidijitali wa mwaka 2024 hadi 2034 nao unahitaji watu wa kuutekeleza, na watu hao hawawezi wote kuwa wahitimu wa vyuo vikuu.

Mfumo wa kuwapokea upo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) iliundwa kwa Sheria ya mwaka 1994, na Serikali imekuwa ikijenga vyuo 64 vya wilaya pamoja na chuo cha Mkoa wa Songwe ili mafunzo yasibaki mijini. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi ni 54. Fedha za kuendesha mafunzo hutoka kwa sehemu katika tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo waajiri wenye watumishi kuanzia kumi huilipa na ambayo kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5 kuanzia Julai 2023. Kwa maneno mengine, mwajiri amekwisha kulipia sehemu ya mafunzo ya kijana kabla hajamwona mlangoni akiomba kazi. Ana haki ya kuuliza amefundishwa nini.

Jibu si jepesi kama lilivyo kwa uashi. Tofali la mwaka 1994 na tofali la leo hujengwa kwa kanuni ileile ya pima maji. Stadi za kidijitali hazina utulivu huo, na mfano ulio wazi zaidi ni programu ya Flash. Kwa zaidi ya muongo mmoja, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Flash ndiyo iliyokuwa karakana ya maudhui shirikishi duniani: katuni zinazotembea, michezo, vitufe vinavyong'aa, masomo ya kompyuta ya watoto. Vyuo vingi katika nchi mbalimbali vilijenga kozi nzima juu yake. Mwaka 2010 kampuni ya Apple ilieleza hadharani kwa nini simu zake hazingeipokea. Julai 2017 wamiliki wake, kampuni ya Adobe, walitangaza kuwa wangeacha kuihudumia, na tarehe 31 Desemba 2020 huduma hiyo ikakoma. Vivinjari vikaacha kuifungua.

Aliyekuwa amefundishwa kubofya vitufe vya Flash alibaki na cheti cha programu isiyofunguka. Aliyekuwa amefundishwa kupanga mwendo wa picha, kupima muda, kusoma mantiki ya maelekezo na kumfikiria mtumiaji alihamia HTML5, CSS na JavaScript, akaumia miezi michache, akaendelea na kazi. Wote wawili walikuwa wamehudhuria kozi yenye jina moja.

Somo hilo linapaswa kuwa mezani kila mtaala unapopitiwa, kwa sababu kishawishi cha kufundisha kifaa badala ya ufundi hakijaondoka. Kimebadili jina tu. Leo ziko programu zinazotengeneza tovuti kwa kuburuta vipande, na ziko programu za akili unde zinazoandika ukurasa mzima kwa dakika chache baada ya kupewa sentensi mbili. Kijana ambaye thamani yake sokoni ni kujua kupanga vipande hivyo atashindana na mteja mwenyewe, maana mteja naye anaweza kujifunza kuburuta. Hakuna sababu ya kuviogopa vifaa hivi wala kuvifungia nje ya darasa. Kinachotakiwa ni mwanagenzi awe na uwezo wa kuukagua ukurasa ulioandikwa na mashine, aone kosa lilipo, na alirekebishe bila kuita mtu.

Kosa la kwanza ambalo angepaswa kuliona ni uzito. Watanzania wengi huingia intaneti kwa simu na kwa bando walilonunua la siku au la wiki. Ukurasa wenye uzito wa MB 5 ukifunguliwa mara 200 humaliza takriban GB 1 ya mtumiaji. Picha iliyopigwa kwa simu janja ya kawaida huwa na MB kadhaa, na mara nyingi inaweza kupunguzwa hadi chini ya KB 200 bila jicho kutambua tofauti kwenye kioo cha simu. Kuipunguza ni kazi ya dakika moja. Kutoipunguza ni gharama inayolipwa na kila anayeifungua, na anayelipa zaidi ni yule mwenye bando dogo kijijini ambako mtandao ni wa taratibu. Mkufunzi anayempa mwanafunzi alama kwa ukurasa unaopendeza kwenye kompyuta ya maabara, iliyounganishwa kwa waya, hajapima ufundi. Mtihani ungefanyika kwa simu ya bei ya chini, uani kwenye jua.

Jua linaleta suala la pili. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, mtindo unaopendwa sana na wasanifu chipukizi, hayasomeki nje saa sita mchana. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa maudhui ya tovuti, ambao toleo lake la 2.2 lilitolewa Oktoba 2023, unataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na rangi ya usuli. Mwongozo huohuo unataka picha iwe na maelezo ya maandishi ili programu ya kusoma kioo iweze kumsomea asiyeona. Tangazo la nafasi za kazi lililowekwa kama picha tupu, kama ilivyo kawaida katika tovuti nyingi, ni ukurasa mweupe kwa mtu huyo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya kundi hili. Hata hivyo sheria haijui kuandika maelezo ya picha. Fundi ndiye anayeyaandika, au anayasahau.

Zipo pia fomu. Msanifu anayejenga ukurasa wa maombi ya kujiunga na shule hukusanya majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa, namba za simu za wazazi na wakati mwingine namba za vitambulisho vya Taifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo kujisajili kwenye Tume na kukusanya zile tu zinazohitajika kwa kusudi lililotajwa. Kijana wa miaka 20 aliyepewa kazi ya fomu anaweza kumwingiza mteja wake matatani kwa kisanduku kimoja kisichokuwa na sababu. Saa chache za sheria hii katika mwaka wa kwanza wa kozi zina thamani kuliko rangi nyingi za vitufe.

Jambo linalozungumzwa kidogo zaidi, na ambalo huumiza wafanyabiashara wadogo kuliko yote, ni makabidhiano. Fundi nyumba akimaliza kazi hukabidhi funguo. Fundi wa tovuti mara nyingi huondoka nazo. Jina la kikoa, lenye mwisho wa .co.tz au .or.tz, limesajiliwa kwa jina lake na barua pepe yake. Nywila ya seva anayo yeye. Mteja anajua anwani tu. Mwaka ukiisha na malipo ya jina yakapita bila mtu kukumbuka, tovuti huzimika na barua pepe za ofisi huzimika nayo. Fundi amehama mji, namba yake haipatikani. Huenda hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Hakuna aliyemfundisha kwamba kikoa ni mali ya mteja, kwamba kisajiliwe kwa jina la mteja kupitia msajili aliyeidhinishwa, na kwamba kazi haijaisha mpaka nywila, nakala rudufu na tarehe ya malipo vimeandikwa na kusainiwa na pande mbili. Hili lingeweza kuwa kigezo cha kufaulu, si nyongeza ya wiki ya mwisho.

Upande wa soko, mlango ambao wahitimu wengi hawaujui ni ununuzi wa umma. Sheria inazitaka taasisi nunuzi kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na zabuni sasa hupitia Mfumo wa NeST. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Kompyuta mpakato tatu na kamera moja ni mtaji wa kikundi cha vijana watano. Ila kikundi hakiwezi kushinda zabuni ya kutengeneza video za mafunzo kama hakuna ndani yake anayejua kuandika mchanganuo wa bei, na ni nadra kozi ya ubunifu kugusa hilo.

Wapo, mwisho, ambao hawatarudi darasani. Mitaa ya Kariakoo, Mwanza na Arusha ina vijana waliojifunza kusanifu kwa kutazama video na kuharibu kompyuta za ndugu zao, nao wana wateja. Kwao upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, uliozoeleka zaidi kwa waashi, maseremala, mafundi cherehani na wapishi. Mwombaji hupimwa kwa kazi anayoifanya mbele ya mtathmini, huelekezwa kuziba mapengo yaliyoonekana, kisha hutunukiwa cheti. Kwa msanifu wa tovuti kipimo kinaweza kuwa cha wazi zaidi kuliko cha fani nyingine: alete anwani ya tovuti aliyoijenga miaka miwili iliyopita, nayo ifunguliwe kwenye simu ya mtathmini ionekane kama bado ipo hewani, inachukua muda gani kufunguka, na kikoa chake kimesajiliwa kwa jina la nani.