MFUGAJI NA MIFUGO YAKE: Mbwa wa Jamii Kubwa na Chakula Chake

Mtu anunuapo mtoto wa mbwa wa jamii kubwa, kama vile Great Dane au Boerboel, aghalabu hutaka kuuona ukubwa huo upesi. Majirani wamekwisha kuambiwa kwamba mbwa huyo atakuwa kama ndama, naye mwenyewe huona haya mwezi wa nne ukifika na mnyama bado ni mwembamba. Basi humjazia sahani. Humpa nyama, humpa maziwa, kisha humnyunyizia unga wa mifupa ili mifupa yake ipate nguvu. Baada ya miezi michache mbwa huanza kuchechemea, miguu ya mbele hupinda, na asubuhi huinuka kwa taabu kama mzee. Mwenyewe husema ameingiwa na baridi. Walakini mara nyingi maradhi hayo yametoka katika sahani ile ile.

Great Dane (jina lake lamtaja Mdenmark, lakini asili yake ni Ujerumani) huzaliwa akiwa na uzito upatao nusu kilo. Kwa kanuni za Uingereza, dume aliyepita miezi 18 hapaswi kupungua kilo 54. Yaani katika mwaka mmoja na nusu huongezeka zaidi ya mara 100. Muda wote huo mifupa yake ingali laini, na uzito ukitangulia mbele ya mifupa, viungo huharibika, hasa nyonga, mabega na vifundo vya miguu.

Jambo hili lilichunguzwa kwa uangalifu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na habari zake zikatangazwa mwaka 1974. Watoto wa Great Dane waligawanywa wawili wawili: mmoja aliachiwa ale apendavyo, na mwenziwe akapewa theluthi mbili tu za kile alichokula yule wa kwanza. Chakula kilikuwa cha namna moja. Wale walioshiba bila kipimo walikua mbio, nao ndio waliopata ubovu wa mifupa na viungo kuliko wenzao. Yafaa mfugaji ayatie moyoni maneno haya, maana ni magumu kuyafuata: mtoto wa mbwa mkubwa asinenepeshwe. Urefu wake alirithi kwa wazazi, naye ataufikia tu, ijapokuwa polepole.

Pili ni habari ya madini ya chokaa, ambayo madaktari huyaita kalsiamu. Wataalamu wa Utrecht, nchini Uholanzi, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa hana uwezo wa kuyakataa madini haya yakizidi. Mbwa mzima huchukua kiasi kimtoshacho na kukitoa kilichobaki, lakini mtoto wa miezi michache huyapokea mengi yaliyozidi, na mifupa yake huvurugika katika kukua. Kwa hiyo yule ampaye mbwa wake chakula kilichokamilika cha dukani, kisha akaongeza unga wa mifupa au vidonge vya kalsiamu, amelipa fedha mara mbili ili kumlemaza.

Lakini nyama tupu nayo haifai. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi, zaidi ya mara 10 ya kalsiamu yake, na mtoto alelewaye kwa nyama na ugali peke yake hupata mifupa dhaifu ambayo huweza kuvunjika kwa kuruka tu. Wengine wameogopa kwamba protini ya nyama ndiyo iletayo maradhi ya viungo. Uchunguzi wa Utrecht uliotangazwa mwaka 1991 haukuona hivyo. Makosa yako katika wingi wa chakula na katika kalsiamu.

Basi mfugaji afikapo dukani asiitazame picha ya mbwa iliyo juu ya mfuko, bali asome maandishi madogo. Atafute chakula kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wa jamii kubwa. Kanuni za Marekani huwahesabu hao kuwa ni wale watakaofika ratili 70 au zaidi wakiwa wazima, nazo zimeweka mpaka kwa ajili yao: kalsiamu isizidi sehemu 1.8 katika kila sehemu 100 za chakula baada ya kutoa maji. Mbwa aendelee na chakula hicho mpaka atimize miezi 18, na wengine hata 24.

Gharama nayo ihesabiwe kabla ya kumnunua mbwa, si baadaye. Mbwa mzima wa kilo 60 huhitaji gramu 700 hadi 900 za chakula kikavu kila siku, yaani kama kilo 25 kwa mwezi, na kijana anayekua huweza kumshinda. Mwenye mshahara mdogo asiyeweza kiasi hicho ni heri afuge mbwa wa kawaida, ambaye hubweka vile vile.

Apikaye nyumbani kwa ugali, omena na mboga amwendee daktari wa mifugo ampangie vipimo, maana kwa mbwa wa namna hii kukisia ni hatari. Mahindi yaliyoota ukungu asipewe kamwe. Sumu yake ndiyo iliyowaua watu 125 huko Makueni, Kitui na jirani zake mwaka 2004, nayo haiondoki kwa kupikwa. Tena matumbo, maini na mapafu mabichi yasitupwe kwa mbwa, kwani humo hukaa vifuko vya mnyoo ambao hurudi kwa watu, kama watu wa Turkana walivyoteseka sana.

Kipimo cha kila juma ni mkono. Mbavu zipapaswe: zisipohisiwa, chakula kipunguzwe, zikionekana kwa mbali kama matuta ya shamba, kiongezwe. Mtoto ale mara tatu au nne kwa siku, na mkubwa mara mbili, wala si mlo mmoja mkubwa wa jioni, kwani mbwa wa jamii hizi, wenye kifua kirefu, huweza kuvimba tumbo, nalo likajipinda. Dalili zake ni tumbo kukaza kama ngoma, mate kutiririka, na mbwa kujaribu kutapika bila kutoa kitu. Hapo asipewe dawa ya kienyeji wala kungojewa mpaka asubuhi. Apelekwe kwa daktari saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane, kwa maana huweza kufa katika muda wa saa chache.