Chumba Kimoja Si Sharti la Tiba ya Familia

Imani kwamba familia yenye mgogoro haiwezi kusaidiwa na mtaalamu asiyeketi nayo chumba kimoja imeenea mno Afrika Mashariki, na wanaoishikilia si wazazi pekee bali pia viongozi wa dini, walimu na hata baadhi ya wanasihi, yaani watu waliosomea kazi ya kutoa ushauri nasaha. Kwao, ushauri wa mtandaoni ni maongezi ya simu yaliyopewa jina kubwa, ambayo labda yanamfaa kijana mwenye hofu ya mitihani lakini hayaifai ndoa inayoyumba wala mtoto aliyemshinda mama yake. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake ni makubwa, kwa kuwa inazifungia mlango familia zile zile zinazouhitaji msaada kuliko nyingine zote.

Tiba ya familia ni aina ya ushauri ambamo mtaalamu hamtazami mtoto mkaidi au mume mkali kama mgonjwa wa pekee, bali huchunguza namna wanafamilia wanavyojibizana: nani humkatiza nani, nani husemewa na wengine, na ni wakati gani ugomvi wa wazazi humwangukia mtoto. Kazi hiyo inahitaji kuuona na kuusikia mwenendo wa nyumba, na ni hapo hasa ambapo hoja ya chumba kimoja inaanguka, kwa sababu taaluma yenyewe ilimtoa mtaalamu chumbani miaka mingi kabla intaneti haijafika majumbani. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Sheila Eyberg aliasisi tiba ya uhusiano wa mzazi na mtoto, iliyokusudiwa watoto wadogo wenye hasira na ukaidi uliopita kiasi, na katika kliniki za tiba hiyo mzazi hucheza na mtoto wake peke yao huku mtaalamu akiwatazama kutoka nyuma ya kioo kinachoonyesha upande mmoja tu, akimwelekeza mzazi kupitia kifaa cha sikioni: msifu kwa alichokifanya sasa hivi, usijibu kelele hizo, rudia agizo kwa sauti ya chini. Mtaalamu amewekwa mbali makusudi, kwa kuwa atakayebaki na mtoto baada ya saa hiyo ni mzazi, na mtoto anapaswa kuizoea sauti ya mzazi.

Mwaka 2017 mtafiti Jonathan Comer na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha tiba hiyo ilipotolewa kliniki na ilipotolewa kwa video, familia zikiwa nyumbani kwao. Watoto walikuwa 40 tu, wenye umri wa miaka 3 hadi 5, na wote walikuwa Marekani, kwa hiyo matokeo yake hayawezi kuchukuliwa kuwa neno la mwisho; hata hivyo waliohudumiwa kwa video hawakuachwa nyuma na wenzao, na waliofikia nafuu kubwa zaidi walikuwa wengi zaidi upande wa video. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtoto anayerusha sahani mezani kwao hutulia tuli katika ofisi ya mgeni, na mzazi hulazimika kueleza kwa maneno kitu ambacho kamera iliyowekwa sebuleni ingekionyesha chenyewe, pamoja na redio inayovuma, kaka aliyenyakua mwanasesere na bibi anayetoa amri inayopingana na ya mama.

Kosa zito zaidi la imani hii linahusu familia yenyewe. Watetezi wa chumba kimoja wanaifikiria familia ya baba, mama na watoto wanaolala chini ya paa moja na wanaoweza kupanda daladala pamoja siku ya miadi. Familia za namna hiyo zipo, lakini katika pwani ya Afrika Mashariki si hizo pekee zinazolea watoto. Mama amekwenda Muscat au Riyadh kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, mtoto amebaki Tanga au Kwale kwa bibi yake, baba anahangaikia riziki katika mji wa tatu, na maamuzi yote ya malezi, kuanzia ada ya shule hadi adhabu ya mtoto aliyetoroka darasani, hupitishwa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp usiku wa manane, mwajiri akishalala. Katika nyumba kama hiyo ugomvi wenyewe umo ndani ya simu: bibi analalamika kwamba mama anamdekeza mtoto kwa zawadi, mama anahisi amenyang'anywa mwanawe, na mtoto amejifunza kumwambia kila mmoja wao maneno anayopenda kuyasikia. Hakuna kliniki ya Dar es Salaam wala ya Mombasa inayoweza kuwaketisha watu hao pamoja kabla ya mkataba kwisha, na utakapokwisha mtoto atakuwa amekua bila kusaidiwa. Kikao cha video kinaweza kuwakutanisha wiki hii hii, ikiwa mama ameachiwa simu yake, jambo ambalo si kila mwajiri hulikubali.

Husemwa pia kwamba wazee wapo, na kwamba siri ya nyumba haipelekwi kwa mgeni wa kwenye kioo cha simu. Mshenga, somo na kungwi wana heshima yao, na mnasihi mwenye adabu hawadharau. Lakini mjomba anayesuluhisha ndoa ya mpwa wake ana upande, na mke anayehojiwa mbele ya mawifi zake huyameza yale mazito. Mficha uchi hazai, na mara nyingi ni mgeni asiye na ukoo hapo ndiye anayeambiwa ukweli.

Hatari za ushauri wa mtandaoni zipo, na watu wanaohangaika na suala la chumba huzisahau. Mwaka 2023 kampuni ya Marekani ya BetterHelp, inayotoa ushauri wa aina hii, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 kumaliza shauri lililofunguliwa na tume ya serikali inayolinda watumiaji, iliyoituhumu kupeleka taarifa za wateja wake kwa Facebook na makampuni mengine ya matangazo baada ya kuwaahidi usiri. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, lakini sheria haimlindi mke ambaye simu yake inapekuliwa na mumewe kila jioni. Mtoto anayepigwa hawezi kusema kweli huku anayempiga ameketi pembeni ya kamera. Hapo kikao cha pamoja ni hatari, na njia iliyo sahihi ni kumwona mtoto peke yake, namba 116 ya msaada kwa watoto, au polisi. Mtu anayejiita mshauri wa ndoa kwa sababu ana wafuasi wengi naye anadhuru, awe mtandaoni au ofisini, na mzazi ana haki ya kumuuliza amesomea wapi, amesajiliwa na nani, na maongezi yatahifadhiwa wapi.

Njia ya video inafaa hata katika usuluhishi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 101, inataka mgogoro upitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya talaka kuombwa mahakamani, lakini inaliondoa sharti hilo pale anayedaiwa anapoishi nje ya nchi na haielekei kwamba atarejea ndani ya miezi sita. Wakati huo haikuwa rahisi kumsikiliza aliye mbali. Leo mahakama za nchi hiyo hiyo husikiliza mashauri kwa video, na mabaraza ya usuluhishi yapewe uwezo huo huo, wanandoa wote wawili wanaporidhia, ili aliye Muscat na aliye Tanga wasikilizwe kabla ndoa yao haijavunjwa.