Upasuaji hulituliza bega, haulirudishii ujana

MCHEZAJI wa raga ambaye bega lake limeteguka mara tatu katika msimu mmoja huwa na kila sababu ya kufurahi baada ya upasuaji. Kano zilizochanika zimeshonwa, na baada ya miezi kadhaa huenda akarejea uwanjani. Hata hivyo, ni nadra klabu au jamaa zake kuuliza kiungo hicho kitakuwa katika hali gani atakapotimu umri wa miaka 45.

Nchini Uswidi, Dkt Lennart Hovelius na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 25 wagonjwa wa umri wa kati ya miaka 12 na 40, ambao mabega yao yaliteguka kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1978 na 1979. Picha za eksirei zilionyesha kwamba ni asilimia 44 pekee ya mabega hayo yaliyosalia bila dalili za kulika. Hata miongoni mwa yale ambayo hayakuteguka tena, asilimia 18 yalikuwa yamelika kwa kiwango cha wastani au kibaya zaidi.

Takwimu hizo zinapunguza uzito wa lawama ambazo aghalabu huelekezewa kisu cha daktari. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, huweza kujeruhiwa siku ile ile bega linapochomoka, na kila linapochomoka tena hatari huongezeka. Umri mkubwa wakati wa jeraha la kwanza nao huongeza hatari.

Si kwamba madaktari hawana lao. Mbinu ya zamani ya Putti-Platt ilikaza bega mno, kiasi kwamba mkono ulishindwa kugeuka kuelekea nje, na gegedu ikasagika. Katika upasuaji wa Latarjet, ulioelezwa Ufaransa mwaka wa 1954, kipande cha mfupa hufungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa kikombe cha bega. Kikiwekwa vibaya kidogo tu kikatokeza, kichwa cha mfupa wa mkono hukisugua kila mara.

Kwa hivyo kocha anayemfunga kijana bandeji ili akamilishe msimu kwanza hamsaidii. Bega likishalika kabisa, linaweza kubadilishwa kwa kiungo bandia, lakini hicho nacho huchakaa, na mtu wa miaka 40 ana miaka mingi ya kukitumia.