Upasuaji wa kupunguza uzito si anasa



Mtu mnene akipita mbele ya kanisa, wapo wanaonong'ona: ulafi huo. Sisi mafrateri hatukubali. Unene uliokithiri ni ugonjwa, na urithi na homoni vina mkono wake. Halafu, wapagazi Wanyamwezi walitembea Tabora hadi Bagamoyo na mizigo begani. Sisi wajukuu wao twapanda bodaboda kwenda sokoni.

Je, mwamini aruhusu tumbo lisilo na kidonda likatwe? Mwaka 1952 Papa Pius XII alifundisha kuwa kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima, hivyo chaweza kutolewa ili mwili uokolewe. Upasuaji mmoja huondoa takribani asilimia 80 ya mfuko wa tumbo. Mwingine huunganisha utumbo ili chakula kipite njia fupi. Kwa miaka mingi madaktari wamewalenga wenye BMI ya 40 na zaidi, au 35 wakiwa na kisukari au presha. Anayetaka kupendeza harusini tu hahusiki. Na vitamini atameza maisha yote.

Mloganzila, Dar es Salaam, huweka hata puto tumboni bila kisu. Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Jumuiya zinazochangia harusi zichangie na nauli ya mgonjwa huyu.